Dawa Ipo, Kifafa Kipo

Majibu ya maabara yalifika kwa simu asubuhi, na Inspekta alipoyasikia alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Sajini, msaidizi wake, aliyekuwa ameketi kwenye usukani akisubiri ruhusa ya kwenda kumtia mtu pingu, hakuona cha kuchekesha.

"Vidonge ni vya kweli," Inspekta alimwambia. "Si chaki, wala si unga wa ngano. Dawa imo ndani yake, kamili, kama boksi linavyosema."

"Basi kesi imekufa, afande."

"Imekufa wapi? Ndiyo kwanza imeamka."

Inspekta alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika hadi nyumba ya jirani, na aliipenda kazi yake waziwazi bila kuona haya. Kituoni walimwita Bi Kwanini, maana hakuwahi kusikia jibu akaridhika nalo papo hapo. Jina hilo alilijua, na lilimpendeza.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Katika gereza lile wafungwa wenye kifafa walikuwa wameanza kuanguka ovyo, jambo ambalo halikuwapo zamani. Kila mmoja wao alipewa kidonge chake asubuhi na jioni, akakimeza mbele ya askari, na bado anguko likamkuta. Yule waliyemwita Fundi Randa, seremala hodari kuliko wote mle ndani, alianguka karakana, kichwa kikayakosa meno ya msumeno kwa upana wa kiganja. Hospitali ya mjini ikampima damu, ikakuta dawa humo ni kidogo mno, kana kwamba alikuwa akimeza siku za sikukuu tu. Hapo macho yote yakamgeukia mfamasia wa gereza. Alikuwa mgeni, amehamia muda mfupi kabla balaa halijaanza, na funguo za stoo ya dawa alikuwa nazo peke yake. Ikasemwa kwamba anauza vidonge vizuri nje na kuingiza bandia ndani. Akasimamishwa kazi, akanyang'anywa funguo, na leo, baada ya chakula cha mchana, kamati ya nidhamu ingekaa kumjadili. Wakimwona ana hatia, kazi imekwenda, leseni imekwenda, na nyumba ya watumishi anayoishi nyuma ya ukuta wa gereza anaihama jioni hiyohiyo. Mkewe alikuwa ameshaanza kufunga vyombo kwa magazeti.

Mkuu wa gereza aliwapokea ofisini kwake. Alikuwa mtu nadhifu, mpole kwa namna yake, na alichotaka ni mambo yaishe.

"Ni vya kweli leo," alisema baada ya kusikia habari za maabara. "Alijua mtakuja, akavirudisha vizuri. Ujanja huo hamuoni?"

"Sajini alivichota mwenyewe katika zahanati ya ndani, mheshimiwa, bila kumwambia mtu. Na siku hiyo mfamasia alikuwa ameshasimamishwa, hana hata ufunguo wa kabati. Fundi Randa ameanguka tena lini?"

"Juzi," Mkuu alikiri.

"Juzi!" Inspekta alilirudia neno hilo kwa raha. "Mwizi yuko nyumbani kwake, vidonge ni vya kweli, na mtu kaanguka."

Mkuu alijikuna kidevu. Hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. "Basi hamezi. Dawa ipo, kwenye damu haimo, maana yake hamezi. Anavificha, anaviuza kwa wenzake. Na siwezi kuamini kwamba mfamasia halijui hilo."

"Inawezekana," alisema Inspekta, na kwa kweli iliwezekana. "Naomba ruhusa ya kitu kimoja tu. Nataka nikifuate kidonge kwa miguu, kutoka stoo mpaka tumboni mwa mtu. Na nataka mfamasia mwenyewe anifungulie stoo."

Mkuu alitazama saa ya ukutani, akavuta droo, akamkabidhi Sajini funguo. "Kamati inakaa saa nane. Ikishakaa, utakuwa unafuata upepo."

Stoo ya dawa ilikuwa katika jengo la utawala, nje ya lango la ndani, hatua chache tu kutoka ofisini. Inspekta alipoingia alisimama akavuta pumzi. Chumba kilikuwa kikavu, kina ubaridi wa kupendeza, kipimajoto kinaning'inia ukutani na rafu zimesogezwa mbali na ukuta ili hewa ipite. Maboksi yalipangwa yanayoisha muda mapema mbele, yanayochelewa nyuma. Alikuwa ameshaingia katika stoo nyingi za wezi, na hakuna hata moja iliyokuwa na adabu namna ile.

Mfamasia alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi kwa ajili ya kamati, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Nimeshazoea kuulizwa nimeiba nini," alisema. "Ulizeni."

"Leo sikuulizi hilo. Nionyeshe dawa ya kifafa, kisha niambie inavyoondoka hapa."

Alishusha boksi, akatoa kipande. Vidonge vyeupe vilikaa ndani ya foili, kila kimoja kimefunikwa kwenye kijumba chake. "Boksi likifika nalifungua mbele ya shahidi. Nusu inakwenda zahanati ya ndani, upande wa wanaume. Nusu nyingine inakwenda upande wa wanawake, kule ng'ambo ya bustani."

"Wanawake wenye kifafa wapo?"

"Wapo."

"Wanaanguka?"

Mfamasia alirudisha boksi rafuni. Ilionekana hakuwahi kuulizwa, na kwa hofu aliyokuwa nayo hakuwahi kujiuliza. "Hapana," alisema polepole. "Sijasikia hata mmoja."

"Na dawa ni ya boksi moja?"

"Boksi moja, afande. Mkono mmoja."

Sajini alimsogelea mkubwa wake sikioni. "Labda wanawake hawajapata wanunuzi."

"Sajini, wewe umekula asubuhi?" Inspekta alimwuliza kwa upole, kisha akamgeukia mfamasia. "Zahanati ya ndani unaingia?"

"Niliingia wiki niliyohamia, nikaikagua, ilikuwa sawa. Halafu ukapita msako mkubwa wa sigara na utaratibu wa usalama ukakazwa. Siku hizi kibali changu kinaishia lango la ndani. Namkabidhi dawa askari wa lango, yeye anaipeleka kwa sista."

"Mnaelewana na huyo askari?"

Mfamasia aliangalia sakafu. "Ni shemeji yangu. Kaka wa mke wangu. Yeye ndiye aliyeniombea uhamisho, ili dada yake awe karibu naye. Tangu nisimamishwe hajaitikia salamu yangu." Hilo lilimuuma kuliko kusimamishwa kwenyewe, na wala hakulificha.

Inspekta aliomba kipande kimoja cha vidonge, akakitia mfukoni, akashukuru.

Askari wa lango la ndani alikuwa pandikizi la mtu, buti zinang'aa, kofia imenyooka. Aliikagua mikoba yao, akaitazama soli ya kiatu cha Sajini, akatoa hata kitana cha Inspekta akakiweka kwenye sahani ya vitu vilivyokatazwa kwa kuwa kilikuwa cha chuma. Alipokiona kile kipande cha vidonge alisita.

"Hiki hakipiti, afande."

"Ni kielelezo cha upelelezi."

Alifikiri, akampisha shingo upande. "Sawa, kwa kuwa ni wewe. Hapa kwangu hata uzi haupiti bila mimi kuuona."

"Nimeambiwa. Na shemeji yako? Ni mwizi?"

Uso wa lile pandikizi ulishuka. "Usiniulize hilo, afande. Mimi ndiye niliyemleta. Niliandika barua, nikapiga magoti kwa wakubwa, nikasema ni kijana mwema. Leo dada yangu anafunga sahani kwa magazeti kwa sababu yangu. Nikimtazama yule bwana naiona aibu yangu mwenyewe, ndiyo maana simtazami."

"Kwa hiyo humjibu salamu si kwa kuwa unaamini ameiba."

"Sijui ninaamini nini," alisema askari, akawafungulia.

Zahanati ya ndani ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha la kugawia dawa upande mmoja na kitanda upande mwingine. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na jua limechomoza, uani kulikuwa kunang'aa, lakini mle ndani vioo vilikuwa na ukungu. Sista, muuguzi wa makamo mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alikuwa anachemsha mikasi na vibano katika sufuria kubwa juu ya jiko la umeme. Mvuke ulipanda moja kwa moja kwenye rafu.

"Karibuni, pakavu hapa ni hapo mlangoni tu," alisema. "Soketi tumepewa moja, na rafu ipo juu ya soketi. Nimeshalalamika mpaka nimejichosha."

Msururu wa wagonjwa ulikuwa umeshapangwa nje ya dirisha. Inspekta alijibanza pembeni akatazama. Mgonjwa alitaja jina, sista akampa kidonge kwa kijiko, askari wa zamu akampa kikombe cha maji, mgonjwa akameza, akafunua mdomo, akainua ulimi, akapita. Sajini alijipa kazi ya kuchungulia makoo ya watu kwa tochi, na alivyokuwa anainama utadhani anatafuta pete iliyodondoka kisimani. Wafungwa walianza kucheka, na mmoja alimwomba amwangalie na jino linalomsumbua.

"Wanameza, afande," Sajini alitoa ripoti kwa huzuni. "Wote."

Aliyefuata alikuwa na dawa ya nusu kidonge. Sista alichukua kisu kidogo kilichofungwa mnyororo kwenye meza, akakandamiza, kisu kikateleza, kidonge kikaruka hadi chini ya kitanda.

"Ona sasa!" sista alifoka. "Zamani nilikuwa navivunja kwa kucha. Siku hizi vinanitoa jasho."

Inspekta aliacha kutabasamu. Aliinama kwa taabu, akakiokota kile kidonge mwenyewe, akakishika mkononi.

Fundi Randa alikuwa wa mwisho. Askari wa zamu alimleta mbele pamoja na soksi iliyofungwa fundo, ambayo walikuwa wameikuta ndani ya godoro lake asubuhi ileile. Soksi iliponing'inizwa ilitoa sauti ya vitu vidogo vingi vigumu.

"Afande," Sajini alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukachangamka. "Mkuu wa gereza alisema."

"Fungua."

Sajini alifungua, akamwaga mezani. Zilimwagika kete za dama, ndogo ndogo, za mbao, zimesuguliwa zikawa laini kabisa, nusu nyeusi na nusu nyeupe. Sista alicheka hadi akashika meza.

"Ni za nani?" Inspekta aliuliza.

"Ni za mjukuu wangu, mama," alisema Fundi Randa. Alikuwa mzee wa mikono mipana na sauti ya chini. "Anakuja na binti yangu siku ya kutembelea. Mbao ni mabaki, nilimwomba mwalimu wa karakana. Nilizificha kwa sababu huku ndani wapo watu wenye mikono mirefu."

"Hilo halinishangazi," Inspekta alimjibu, akamrudishia kete moja moja ndani ya soksi. "Mzee, hiki kidonge unakimeza?"

"Nakimeza, mama. Niape kwa nini? Mimi sitaki kuanguka. Nikianguka tena hawatanirudisha karakana, na nje ya karakana mimi si mtu."

"Kikoje mdomoni?"

Swali hilo lilimshangaza, akafikiri. "Zamani kilikuwa kichungu. Ukichelewa na maji kidogo tu, kimeshaanza kumung'unyika, unakunja uso. Siku hizi hakina ladha. Unameza kama umemeza kokoto."

"Ulisema hayo kwa mtu?"

"Nilifurahi, mama. Nilidhani wameleta vitamu."

Inspekta aliomba simu ya zahanati, akapiga maabara. Mkemia aliyempa majibu asubuhi alipokea, naye alikuwa na haraka.

"Majibu ni yale yale," mkemia alisema. "Dawa imo kamili."

"Siwatilii shaka. Nataka kujua mlivyopima. Mlikifanya nini kidonge, hatua ya kwanza kabisa?"

"Tulikisaga. Lazima ukisage kiwe unga laini, ndipo ukichanganye na kemikali ujue mna kiasi gani."

"Na msingekisaga?"

"Hicho ni kipimo kingine. Hamkuomba hicho. Mliuliza kama ni bandia."

"Ni kweli, tuliuliza vibaya," alisema Inspekta kwa furaha, "asante sana," akakata.

Alimgeukia Sajini, uso umemng'aa. "Maabara walikisaga. Fundi Randa anakisaga?"

"Anakimeza kizima, afande."

"Sista, nipe bilauri mbili za maji."

Katika bilauri ya kwanza alitumbukiza kidonge alichokitoa mfukoni, kilichokuwa bado ndani ya foili hadi dakika ile. Katika ya pili alitumbukiza kile kilichoruka chini ya kitanda. Wote wakainama. Kidonge cha foili kilitoa viputo, kikapasuka ubavuni, kisha kikabomoka taratibu mpaka maji yakawa meupe. Kile cha pili kilikaa chini. Waliongea, wakasubiri, sista akazima jiko, na bado kilikaa. Sajini alikigusa kwa mpini wa kijiko, kikalia ting kwenye kioo.

"Dawa ipo," Sajini alisema polepole, kama mtu anayeanza kuona njia. "Ila haitoki."

"Inaingia upande huu, inatokea upande ule, na kufuli halijafunguliwa. Sasa nionyeshe vinapokaa, sista."

Sista alionyesha rafu. Juu yake kulikuwa na kopo la plastiki lililofunikwa kwa kitambaa safi, nalo lilikuwa na vidonge vitupu, vimelundikana. Kitambaa kilikuwa na unyevu kwa mvuke wa sufuria.

"Kwa nini havina foili?"

"Vinakuja hivyo."

"Kutoka kwa mfamasia?"

"Sasa vitoke kwa nani? Nilijua ni yeye ameamua hivyo baada ya ule msako. Sikutaka kumfundisha mwenye kazi kazi yake."

Inspekta alilichukua lile kopo, akatembea nalo hadi langoni, Sajini na sista nyuma yake. Njia nzima aliimba kwa pua, jambo lililomtia Sajini wasiwasi.

"Kaka," alimwambia askari wa lango, "hili kopo ni lako?"

Askari alikaza mgongo. "Langu, afande. Nimelinunua kwa pesa yangu. La kioo haliruhusiwi, na lenye mfuniko wa chuma haliruhusiwi, basi nikatafuta la plastiki, na kitambaa ni mke wangu aliyekikata."

"Nionyeshe unavyofanya."

Aliwaonyesha, na kwa fahari. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akatandika karatasi safi. Akachukua kipande cha foili, akasukuma kidonge kimoja kimoja kwa kidole gumba bila kukigusa, kikadondokea ndani ya kopo. Akalikusanya lile ganda tupu akalitia kwenye pipa la vitu vilivyokatazwa. Lilikuwa limejaa maganda.

"Wafungwa walikuwa wanawashia sigara kwa betri na foili," alieleza. "Tuliikuta kwenye ule msako. Ikaja amri: foili haipiti lango hili, ya aina yoyote. Wenzangu wengine wangesema dawa ni dawa, ipite. Mimi nikasema amri ni amri, lakini na usafi nao uzingatiwe. Hakuna anayeweza kusema nimekitia uchafu hata kidonge kimoja."

"Lango la wanawake nao wanafanya hivi?"

"Hapana, kule hakukuwa na sigara. Amri ni ya huku tu."

Sista alijishika mdomo. Inspekta alilitazama lile jitu lenye mikono safi, na furaha yake, ambayo ilikuwa kubwa, ikaingiwa na huruma. Alimwambia tu atafute wa kumshikia zamu, aje naye kwenye kamati, na alete kopo.

Saa nane kamati ilikuwa imekaa. Mkuu wa gereza alikaa katikati, maofisa wawili kando, na mfamasia kwenye kiti cha peke yake, mikono juu ya magoti. Inspekta hakuhutubia. Aliweka bilauri mbili za maji mezani, akatumbukiza kidonge kutoka stoo na kidonge kutoka kwenye kopo, akawaomba waheshimiwa wavute subira kidogo. Wakati kimoja kinabomoka na kingine kimekaa, aliwasimulia safari ya kidonge tangu rafu kavu ya stoo hadi rafu ya mvuke.

Mfamasia hakusubiri amalize. Alikuwa ameinuka, amelishika kopo, ananusa, anakwaruza kidonge kwa kucha.

"Unyevu," alisema. "Dawa hii ikipata unyevu inakuwa ngumu. Haiharibiki, haibadiliki rangi, inagoma tu kuyeyuka. Ndiyo maana inafungwa kwenye foili. Nani amevitoa?"

Askari wa lango alikuwa amesimama mlangoni, anaziangalia zile bilauri. Alikuwa mtu wa kuelewa polepole, lakini akielewa anaelewa mpaka mwisho. Alivua kofia.

"Ni mimi," alisema. "Fundi Randa, wale wengine, wote. Ni mimi na mikono yangu."

Mkuu alishika kalamu. Ilikuwa desturi yake kwamba kikao kikianza na jina la mkosaji kiishe na jina la mkosaji. "Basi nitaandika jina lako badala ya lake."

"Naomba niseme," alisema mfamasia.

"Wewe umeshatoka hatiani. Huna haja."

"Ninayo. Dawa ni yangu mpaka imezwe. Mimi niliifikisha langoni nikageuza mgongo, nikasema hapo mbele ni mambo ya usalama. Yeye aliambiwa azuie foili, akazuia foili. Hakuna aliyemwambia kwamba foili ile ni sehemu ya dawa. Nilipaswa kumwambia mimi, na tulikuwa tunakula meza moja kila Jumapili."

Mkuu aliitazama kalamu yake, kisha ile bilauri ambayo kidonge chake kilikuwa bado kizima kama kilivyoingia. Hakuwa mtu mbaya, na sasa alilazimika kulionyesha hilo.

"Amri ya foili niliisaini mimi," alisema hatimaye, akaiweka kalamu chini bila kuandika jina la mtu. Kisha akaanza kutoa maagizo, na ilikuwa wazi kwamba kutoa maagizo kunampumzisha. Foili ya dawa ipite, ihesabiwe ikiingia na maganda yahesabiwe yakitoka. Kopo litupwe. Sufuria ihamishwe, au soketi ihamishwe, kinachowezekana kwanza. Kibali cha mfamasia kifike mpaka dirisha la dawa. Fundi Randa arudi karakana damu yake ikishapimwa ikawa sawa. Sajini alitoa zile funguo mfukoni, akazitazama kidogo kama mtu anayeachana na pingu, akamkabidhi mwenyewe.

Mfamasia alizifumbata. Alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hakujua aanze na kipi, alikwenda moja kwa moja mlangoni aelekee stoo. Mlango ulikuwa umezibwa na askari wa lango.

"Shemeji," alisema askari, kofia ikizunguka mikononi. "Dada yangu bado anafunga vyombo."

"Najua."

"Nenda kamwambie."

"Siwezi. Nina watu mle ndani wanameza mawe. Wakikosa dawa ya jioni, usiku mmoja wao ataanguka." Mfamasia alimwekea mkono begani, na ilibidi aunyanyue juu kidogo. "Nenda wewe."

"Mimi? Nitaanzaje, shemeji?"

"Anza kwa kufungua sahani moja. Mengine yatakuja."

Inspekta alisogea dirishani kuwapisha. Aliliona lile pandikizi likitoka jengo la utawala kwa mwendo wa kijeshi, likapita bendera kwa mwendo wa haraka, na lilipofika kwenye njia ya nyumba za watumishi likaanza kukimbia, kofia mkononi, buti zikirusha maji ya mvua. Askari wa mnarani aliona mtu anakimbia kuelekea nje, hakutazama ni nani, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Gereza zima likasimama. Mkimbiaji hakugeuka nyuma.